Somo Aliyetufundisha Kusema "Changu"

Sauti yake ilikuwa ikiingia nyumbani kabla yake. Umekaa zako ghorofani, unasikia chini mlangoni, "Hodi wenyewe! Mpo au mshahama?" na kabla hujaitika karibu, yumo ukumbini, buibui lipo begani, anauliza kama kahawa imebaki. Mtaa mzima wa Kiponda tulimwita Somo. Jina alilopewa na wazee wake nalijua, lakini sikumbuki hata siku moja kumwita kwalo, na nadhani yeye mwenyewe angechelewa kugeuka.

Kwa ambaye hakukulia Unguja, somo ni mwanamke mtu mzima anayemfunda bi harusi. Anamfundisha kujifukiza udi, kujipamba, kusema na mume, na yale ya chumbani ambayo mama anaona haya kumwambia mwanawe. Masomo wote wa mjini walifundisha hayo, na wetu aliyafundisha vizuri kuliko wengi. Lakini siku ya mwisho ya mafunzo, bi harusi akidhani yamekwisha, Somo alifunga mlango, akakaa kitako mkekani, akasema, "Sasa tuje kwenye mali."

Zamu yangu ilipofika nilishtuka. Nilikuwa nimejaa hina mpaka vifundoni, moyo unanidunda kwa furaha, na yeye ananambia habari za talaka!

"Somo, vipi unanitajia kuachwa, na hata kuolewa sijaolewa?"

"Ukinunuliwa mwavuli utasema unaombewa mvua? Sikiliza, mwanangu. Mahari ni ya nani?"

"Ya... baba?"

"Toba! Ya baba imetoka wapi, kwani anaolewa yeye? Mahari ni yako. Kitanda kilichonunuliwa kwa mahari ni chako. Alichokupa mama yako ni chako. Atakachokuja nacho mumeo ni chake, usikiguse, labda akupe kwa mdomo wake mbele ya watu. Na mtakachonunua pamoja..." Hapo akanyanyua kidole na kuzungusha macho. "Hapo ndipo watu wanapotoana macho. Siku ikifika hiyo, niite kabla, usiniite baada."

Basi mimi, kama mtakavyoona, nilimwita baada.

Lakini kwanza niseme habari ya vyombo, maana hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka mitaa ya Ng'ambo. Siku ya kupeleka vyombo kwa bi harusi ilikuwa siku ya shangwe. Kitanda cha samadari kinabebwa, kabati la kioo linafuata, masinia, mabirika, mito, cherehani kama ipo, na wanawake nyuma yake na nyimbo. Somo alikuwa akitangulia mbele. Kila kitu kikivuka kizingiti, anakisimamisha, anakipiga kofi, anapaza sauti:

"Kitanda hiki cha nani?"

Na wanawake wote, kwa vigelegele, "Cha bi harusi!"

"Kabati?"

"La bi harusi!"

"Na hili birika lililopinda mdomo?"

"La bi harusi!"

Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Wageni walidhani ni mchezo wa harusi tu. Sisi wa mtaani tulijua kwamba pale kila mtu mwenye masikio alikuwa anafanywa shahidi. Na si wanawake peke yao. Somo alikuwa hakubali vyombo vibebwe na vijana wa nyumbani, anataka mahamali watu wazima wa kulipwa, na anawataka wasimame pale pale mpaka wito umekwisha. Kwa kadhi, katika mambo ya mali, wanawake wawili husimama mahali pa mwanamume mmoja, kwa hivyo aliyataka masikio ya wanaume pia, na aliwajua mahamali wote wa Darajani, wanakolala na watoto wao wangapi.

Kuna mama mkwe mmoja alichukia sana. Akasema mbele ya watu, "Huyu kaja kuozesha au kaja kufungua duka?"

Somo akamjibu kwa upole kabisa, "Bi mkubwa, na wewe unaye binti. Siku yake nitapiga kelele zaidi."

Na alizipiga. Mama mkwe yule yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia.

Watu walimwona kama mtetezi wa wanawake, na ni kweli, lakini haikuwa hivyo kila siku. Jirani yetu mmoja alipoachwa alidai kabati lililokuwa la mumewe tangu ujana wake. Akamtaja Somo kuwa shahidi wake, kwa kujiamini kabisa. Somo akaenda, akasimama, akasema, "Kabati hili sikuliitia mimi. Lilikuwemo chumbani tulipoingia, na ndani yake mna kanzu." Mwanamke yule alikosa kabati, na hakumsemesha Somo mwaka mzima. Somo alikuwa akimsalimu kila akipita, anaitikiwa na ukuta, na kesho anasalimu tena.

Na nyumbani kwake, jamani! Huyu aliyetufundisha kuvitambua vyetu mpaka kijiko, vyake vilikuwa vikitembea mtaani kama paka. Sufuria lake kubwa liko kwa fulani, kinu kiko kwa fulani, mkeka mzuri wa kusalia umekwenda msibani haujarudi. Ukimuuliza hana habari. Siku moja nilimkuta anapika wali katika kijisufuria cha maziwa, mara tatu, kwa wageni wanne.

"Somo, si ukadai sufuria lako?"

"Nitadai," akasema, na akacheka, na tunajua sote kwamba hakudai.

Yeye mwenyewe aliolewa mara tatu na kuachwa mara tatu. Alikuwa akitusimulia kwa furaha, kama mtu anayesimulia safari. Mara ya kwanza alitoka na mkeka mmoja na sanduku, mahari yake imekwenda kwa ami yake, na hakujua kwamba kuna jambo la kuuliza. "Sikudhulumiwa kwa ubaya," alikuwa akisema. "Hakuna aliyeuliza. Mimi sikuuliza, ami hakuuliza, mume hakuuliza. Tukaagana kwa adabu, na mimi njiani nina mkeka kichwani." Mara ya pili aliuliza akapata nusu. Mara ya tatu alipata yote, mahari iliyobaki, masurufu ya eda na hata tandiko la mlangoni, na anasema usiku ule alilala usingizi kama mtoto mchanga. Tangu hapo akaapa kwamba hataolewa tena, na akaanza kufunda.

Sasa habari yangu.

Mume wangu alikuwa karani wa forodha, mtu mpole, hakosi sala ya alfajiri msikitini. Sitaki kumsema kwa ubaya, na nyinyi mtaona kwa nini. Mwaka wa tatu wa ndoa alirudi jioni moja amechangamka, hata viatu hakuvua. Nyumba inauzwa Mlandege, vyumba vinne, mwenyewe mzee anataka kurudi kwao shamba. Fedha alizonazo hazifiki hata nusu. Akanitazama mikono.

Nilikuwa na bangili sita za dhahabu za mama yangu. Nilizitoa kwa sabuni, maana nilishanenepa kidogo, na tulikuwa tunacheka wakati zinatoka. Akaziuza kwa sonara, nyumba ikanunuliwa, karatasi ikaandikwa jina lake. Sikuona ajabu. Ofisini alikwenda yeye. Somo sikumwita, kwa sababu niliona kumwita ni kama kumshuku mume wangu, na nilikuwa nampenda.

Nyumba tukaipangisha. Baada ya miaka miwili wapangaji wakatoka, na sikuambiwa nani ameingia. Nikaja kusikia harusini kwa watu: ameoa mke wa pili, kutoka Matemwe, na amemweka Mlandege. Ndani ya bangili za mama yangu! Tuligombana siku tatu. Siku ya nne ndugu yake akaleta karatasi ya talaka, moja, kwa adabu, na salamu.

Somo alikuja kabla jua halijapanda. Hakunambia "nilikwambia." Alikaa karibu yangu, akasema, "Lia kwanza. Ukimaliza n'na swali." Nikalia. Yeye akanywa kahawa. Nilipotulia akasogea.

"Siku ile ya bangili, alikwambia neno gani?"

"Alisema kuna nyumba inauzwa."

"Hilo la nyumba. Nataka la bangili. Alisema 'nipe'?"

"Hapana."

"Fikiri vizuri, usinipendeze. Alisema 'niazime'?"

Nikafumba macho. Nikamwona amesimama pale na viatu vyake, anapepesa macho kwa hamu. "Hapana, Somo. Alisema 'tununue'. 'Toa bangili, tununue.'"

Somo akaruka kitako kama amekaa juu ya kaa la moto. "Rudia!"

"Tununue."

"Hiyo 'tu'!" Akanishika mabega, ananitikisa, kahawa imemwagika na hana habari. "Hiyo 'tu', mwanangu, ndiyo nyumba yako!"

Akanifahamisha. Angesema "nipe" na mimi nikatoa, ni zawadi, imekwenda. Angesema "niazime", ni deni, angerudisha thamani ya bangili na nyumba ikabaki yake yote. Lakini "tununue" ni shirika, na mwenye shirika ana fungu lake ndani ya kuta. Kwa mara ya kwanza tangu karatasi ile ije, nilisikia njaa.

Shida ilikuwa moja: neno lile lilisemwa chumbani, baina ya watu wawili. Somo akazunguka mjini siku tatu. Sonara alikuwa ameshafunga duka na kurudi kwao ng'ambo ya bahari. Mzee aliyeuza nyumba alikuwa amefariki. Hamali hakuna, kwa sababu bangili hazibebwi na hamali. Alirudi kwangu jioni ya tatu, miguu imemvimba.

"Hatuna shahidi," nikasema.

"Tunaye mmoja. Yeye mwenyewe." Akavua viatu, akajikanda miguu. "Mumeo anasali?"

"Hakosi."

"Anasali watu wamwone, au anasali?"

Nikafikiri. Nikakumbuka alivyokuwa akiamka peke yake, taa haijawashwa, na kutawadha polepole ili asiniamshe. "Anasali," nikasema.

"Basi mwache aape."

Usingizi haukunijia vizuri mpaka siku ya mahakama. Niliogopa. Nilijua kwamba mtu akiapa, mambo yamekwisha, hakuna tena mlango wa kugonga.

Tukaenda Vuga kwenye mahakama ya kadhi. Nilikaa mbele, Somo nyuma yangu. Madai ya mahari iliyobaki na masurufu ya eda yalipita bila tabu, mume wangu aliyakubali yote. Vyombo hakuvigusa hata kwa neno, maana mtaa mzima ulishaviitikia. Likaja la nyumba.

"Bangili alinipa kwa mapenzi, Sheikh," akasema. "Mke na mume hupeana."

Kadhi akanigeukia. Alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, lazima unyamaze umsikie. "Una mashahidi, binti?"

"Sina, Sheikh."

"Basi haki yako iliyobaki ni kumtaka ale yamini. Akiapa, dai lako limekwisha, wala usije tena kulitaja. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

Nikageuka nyuma. Somo hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mume wangu, na uso wake hauna hasira hata kidogo, kama anayemtazama mtoto anajifunza kutembea. Maneno alishanipa usiku uliotangulia, tumeyarudia mara ishirini. Alinikataza kusema "aape kwamba bangili ni zake", kwa sababu mtu anaweza kujishawishi kuwa kitu ni chake. Nikasimama.

"Namtaka aape, Sheikh, kwamba siku ile hakunambia 'tununue'."

Nilimwona anavyobadilika. Kadhi akamtuma akatawadhe. Akarudi, maji bado yanamtiririka ndevuni. Msahafu ukawekwa mbele yake. Akaweka mkono.

"Wallahi..." akasema.

Nje kuna mtu alikuwa anauza madafu, namkumbuka mpaka leo anavyotangaza. Mimi nimeshika ukingo wa benchi, kucha zimeingia kwenye ubao. Kadhi hakumharakisha. Mkono ule juu ya Msahafu akauinua polepole, akaupeleka kifuani.

"Sheikh, siwezi. Nilisema tununue."

Hapo, ndani ya mahakama, mbele ya kadhi, makarani na wanaume wote wale, Somo akapiga kigelegele! Kirefu, cha kutoka tumboni, mpaka askari wa mlangoni akaingia mbio.

"Bibi!" Kadhi akasema. "Hapa si harusini."

"Niwie radhi, Sheikh. Kimenitoka."

Naapa niliona ndevu za kadhi zinacheza. Akainama akaandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tulipotoka nilikuwa sisikii ardhi chini ya miguu. Na unajua Somo alifanya nini? Alimfuata mume wangu mlangoni. Nikadhani anakwenda kumtolea maneno. Akamwambia, "Baba, umefanya jambo kubwa leo. Ijumaa njoo kwangu, nnapika biriani." Na yeye, kichwa chini, akasema, "Nitakuja, Somo." Na alikwenda! Nilimkasirikia Somo, sikumsemesha wiki nzima. Alipokuja nikamwambia wazi.

"Ulitaka nimchukie baada ya kusema kweli?" akanijibu. "Wangapi wanaiweza? Mkono wake ulikuwa pale, neno moja tu lilibaki, na hakuna binadamu ambaye angejua. Mimi nimeolewa mara tatu, sijapata kuona."

Nikampa kahawa.

Wakapelekwa mafundi kukadiria nyumba, na mwisho nikapata vyumba viwili vya mbele, ukuta ukajengwa katikati. Yule wa Matemwe, aliyekuwa mke mwenzangu, akabaki upande wa nyuma. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunasikilizana kukohoa tu. Kisha akaja kuomba chumvi, kisha nikaenda kumwombea mtoto wake dawa, na siku moja akasimama mlangoni kwangu anazungusha pembe ya kanga.

"Dada, n'na jambo. Ile minazi ya Matemwe niliyopewa na mama, mume wangu anasema tuiuze, anunue gari."

"Kasema 'tununue' au kasema 'anunue'?"

"Kasema... sikumbuki vizuri."

Nilivaa buibui pale pale nikampeleka kwa Somo. Mwenzangu yule hakuuza hata mnazi mmoja.

Mara ya mwisho kukaa naye mazungumzo ilikuwa miaka kadhaa baadaye, ile miaka ya hamsini inaelekea mwisho, nami nimeshaolewa tena, na nina wanafunzi wawili wa kushona. Nilikuwa napita Hurumzi na furushi la vitambaa, nikamkuta kizingitini kwake. Kakaa kitako, mikono kaiweka mbele kama si yake. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, nikajua kuna jambo. Nikatazama chini. Mikono ina hina, mbichi, maua matupu mpaka viwikoni.

"Somo! Nani anaolewa?"

"Mimi."

Nikakaa kizingitini bila kukaribishwa. Akanieleza. Bwana ni seremala, mjane, mtu wa Kizimkazi. Alikuja kutengeneza dirisha, akatengeneza dirisha, akaja tena kulitazama dirisha, akaja tena. Dirisha lenyewe, akasema, halikuwa bovu kiasi hicho. Alikuwa anasema huku anatazama barabarani, na mashavu yake, Somo wetu huyu, mtu wa miaka sitini na zaidi, yanawaka.

"Na ndoa lini?"

"Kesho baada ya alasiri, kwa mpwa wangu, Malindi. Wapo huko sasa hivi, yeye na bwana, wanapanga."

"Mahari umetaka nini?"

Akapuliza hina.

"Somo?"

"Sikutaja."

"Hukutaja!"

"Aliniuliza. Akakaa pale pale ulipokaa, akaniuliza nataka nini. Nikashikwa na kicheko, mwanangu. Nilicheka mpaka akavaa kofia akaondoka. Na niliona raha, usiniulize zaidi."

Nikasimama. Nilikuwa nataka kucheka, nataka kulia, nataka kumkumbatia, na hina ile yote mbichi. "Inuka. Twende Malindi ukaseme sasa hivi, kabla hawajamaliza."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Mimi? Niende mimi mwenyewe, na hina mkononi? Mimi leo bi harusi." Kisha akatabasamu, akaegemea mlango. "Nenda kaseme wewe."

Nikaliacha furushi langu mapajani mwake. Nilipita Kiponda karibu ninakimbia, watu wananiuliza kuna nini na mimi sisimami kujibu. Pale Malindi niliwakuta ukumbini, mpwa wake na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia safi na vumbi la mbao kwenye kucha. Wakanyanyua vichwa.

"Nimekuja kwa habari ya mahari," nikasema, nikavuta kiti.